Maswali yenu: matunzo, mtoto wa jirani na binti anayetaka kurudi darasani

Karibu kila barua niliyopokea safari hii imetoka kwa mtu aliyehangaika miezi kadhaa kabla hajafika ofisi ya kata, na msaada ulikuwepo hapo, bila malipo. Naumia nikizisoma, maana anayelipia kuchelewa huko ni mtoto.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Baba yake hatukufunga ndoa. Mwanzoni alikuwa akituma hela, sasa ni mwaka wa pili hapokei simu. Shoga zangu wanasema sina haki kwa kuwa sikuolewa. (Mama, Temeke)

Wanakupotosha, dada. Matunzo si haki yako wewe, ni ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwachii baba kwa sababu tu hakukuoa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kama katani kwenu hayupo, ulizia ofisi ya manispaa. Atamwandikia baba wito, mtakaa mezani na kupatana kiasi na tarehe. Mkipatana, yaandikwe na msaini wote wawili. Makubaliano ya mdomo huyeyuka kabla mwezi wa tatu haujaisha.

Akikaidi wito au akimkana mtoto, shauri litakwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Kwa hiyo usifute ujumbe wa miamala ya zamani: kila hela aliyokutumia kwa simu ni ushahidi kwamba alimtambua mwanawe. Andika pia matumizi halisi ya mwezi, kuanzia maziwa na kodi mpaka nauli ya kliniki. Kipato chake kitaangaliwa na chako pia, na ombi lisilo na hesabu halina nguvu.

Neno moja gumu, unisamehe. Akijitokeza, usimfiche mtoto ili kumkomoa. Kumjua baba yake nako ni haki ya mtoto, hata kama hela bado zinasuasua.

Nimeambiwa nitoe elfu kumi ili mwanangu wa mwaka mmoja apate cheti cha kuzaliwa. Ndivyo ilivyo? (Baba, Mbeya)

Hapana, usitoe. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano bila malipo ulizinduliwa huko huko kwenu mwaka 2013. Beba kadi ya kliniki, nenda kituo cha afya au ofisi ya kata. Kama alizaliwa nyumbani, pitia kwanza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji.

Jirani yangu ana msichana wa kazi ambaye kwa kumtazama hajafika miaka 13. Usiku namsikia akipigwa. Naogopa kuonekana mmbeya. (Baba, Mwanza)

Kaka, uliyoyasikia hayo si umbeya. Sheria niliyoitaja juu inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Tena inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Kwa hiyo hata bila kipigo, hapo pana kosa.

Piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Mweleze anayepokea kwamba hutaki jina lako limfikie jirani. Ukiweza kufika kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Nakusihi usianze kwa kugombana na jirani mwenyewe, maana anaweza kumsafirisha binti usiku huo huo na asionekane tena. Na siku yoyote mkigundua mtoto amebakwa, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe. Afikishwe polisi apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, na hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi vijana tunapataje mkopo wa halmashauri? (Kijana, Dodoma)

Kwa kikundi kilichosajiliwa, kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini unarudishwa. Mdogo wangu, usikusanye majina ya kujaza fomu. Tafuta watu ambao mngefanya nao kazi hata mkopo usipotoka.

Binti yangu alijifungua akiwa kidato cha pili. Anataka kurudi shule, baba yake anasema amekwisha aibisha ukoo. (Mama, Lindi)

Mama, mshike mkono huyo mtoto. Tangu Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwaruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito, mlango wa shule ya kawaida uko wazi kwao. Ilitajwa nafasi ya miaka miwili ya kurejea, basi msisubiri mtoto mchanga akue. Muone mkuu wa shule. Akisitasita, panda kwa afisa elimu kata. Asipotaka kukaa na wenzake wa zamani, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kumfikisha mtihani wa kidato cha nne.

Kuhusu mzee, mwombe afisa ustawi wa jamii aje nyumbani. Kina baba wengi husikia mgeni akisema jambo lile lile ulilolisema wewe mwaka mzima. Wakati huo huo pangeni nani atabaki na mjukuu asubuhi, kwa sababu wasichana wengi hurudishwa nyuma na hilo kuliko ada. Kama ni wewe, mwambie binti leo, asikie kutoka kinywani mwako.