Njiti ni wiki, si kilo

Dada, mdogo wako asitoke hospitali kesho. Umeuliza njiti maana yake nini, kama ni tusi, kisha ukamalizia kwamba mdogo wako kajifungua wiki ya 35, mtoto ana kilo 2.7, "kwa hiyo si njiti." Hapo moyo umenilipuka.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Basi. Jina linatukumbusha njiti ya kiberiti, ndiyo maana tunatafuta kitoto chembamba cha kushika kiganjani. Wembamba ni habari nyingine: chini ya kilo 2.5 huitwa uzito pungufu, na hata aliyetimiza miezi yote anaweza kuwa nao.

Wangu alizaliwa wiki ya 35 na kilo 2.6. Wifi yangu akamwangalia akasema, "Njiti gani huyu, ana mashavu!" Nikamwamini, maana nilitaka sana iwe hivyo. Tukamwogesha siku ile ile, tukamvisha kigauni chepesi kwa sababu ya joto la Dar. Akalala. Akalala mno. Kila aliyekuja kunipa hongera akamsifu: mtoto mpole, halii. Kumbe hakuwa na nguvu za kulia wala za kunyonya. Siku ya nne macho yalikuwa ya njano, nyayo baridi. Tulirudi wodini tukakaa siku kumi na moja, yeye chini ya taa ya bluu, mimi nakamua maziwa apewe kwa mpira wa puani. Mpaka leo nikimwona wifi nakumbuka alivyosema kwa uhakika jambo asilolijua. Na muuguzi aliyeturuhusu alitazama mzani tu, wiki hakuuliza!

Wodini ndiko nilikofundishwa kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na kumwamsha kila baada ya saa mbili au tatu anyonye, hata kama kalala vizuri kiasi gani.

Na neno njiti si tusi. Kila tarehe 17 Novemba huadhimishwa Siku ya Mtoto Njiti Duniani, na sisi wenyewe tunajiita wazazi wa njiti.

Kadi ya kliniki ya mdogo wako iko wapi? Mpigie sasa hivi, amwonyeshe daktari mahali palipoandikwa wiki 35 kabla hajasaini karatasi ya kutoka.