Hisia bila maneno mengi katika filamu ya uhalifu: ushauri kwa watengenezaji chipukizi wa Bagamoyo

Miswada mingi ya uhalifu ninayoletewa na vijana wanaotengeneza filamu fupi hapa Bagamoyo, baadhi yao wakiwa wamesomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, hufanana kwa jambo moja: mwizi anaeleza hofu yake, mpelelezi anaeleza shaka yake, na mjane anaeleza uchungu wake, kila mmoja kwa hotuba ndefu. Dawa yake si kufuta mazungumzo tu, kwa sababu ukimya mtupu hauna hisia yoyote. Kabla ya kufuta hata mstari mmoja, andika pembeni ya kila sini, yaani kila tukio la filamu, nani anajua nini, na mtazamaji ameshajua nini kufikia hapo.

Filamu ya Rififi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1955 na kuongozwa na Mmarekani Jules Dassin, inafundisha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Wizi wa duka la vito jijini Paris unachukua karibu nusu saa, na muda wote huo hakuna anayesema neno, wala hakuna muziki. Wezi wanatoboa sakafu ya chumba kilicho juu ya duka, kisha wanapitisha mwavuli kwenye tundu na kuufungua kwa chini, ili vipande vya dari vidondokee humo na visipige sakafu. Tunabana pumzi kwa sababu mapema tulishaoneshwa jinsi king'ora cha aina iliyomo dukani humo kinavyoshtuliwa na kishindo kidogo tu. Maarifa yametangulia, ukimya umefuata. Ukigeuza mpangilio huo, watu watachoka na kuanza kuangalia simu zao.

Katika kundi ninalolisaidia, tulikuwa na sini ya kijana aliyeshiriki kuiba mashine ya boti usiku, akarudi nyumbani alfajiri. Mswada ulimtaka mama amuulize, "Mwanangu, umeanza wizi?" na kijana alie. Nikashauri mama apewe jagi na beseni. Anamnawisha mwanawe kabla ya kula, kama anavyofanya kila siku, na maji yanayodondoka ni meusi kwa grisi, ilhali sini za awali zimeshatuonesha kwamba kijana huyu anauza mihogo na hajawahi kushika spana. Mama anamwagia tena, na tena, mpaka jagi linaisha, kisha anamsogezea sahani na kuuliza kama chumvi imetosha. Swali hilo la chumvi lilibaki kwa makusudi. Maneno machache yanayohusu jambo dogo humpa mwigizaji mahali pa kuficha jambo kubwa, na mtazamaji hulisoma lililofichwa bila kuelekezwa.

Waigizaji waliozoea jukwaa wanahitaji msaada wa pekee hapa, kwa kuwa jukwaani uso lazima umfikie aliyekaa nyuma kabisa, wakati kamera iliyo karibu hunasa hata kope. Usimwambie mwigizaji "onesha huzuni." Mpe kazi ya mikono yenye ugumu wake, kama kufungua fundo la kamba au kuhesabu noti zilizolowa, halafu mwache aifanye mpaka mwisho bila kumkatiza.

Kuhusu sauti nitasema kwa msisitizo, maana hapa ndipo filamu zetu nyingi huharibika: muziki wa kinanda huanzishwa mwanzoni na hauzimwi mpaka majina yanapita. Hariri toleo la kwanza bila muziki kabisa. Kila mahali mnaporekodi, wanyamazisheni watu kwa dakika moja mnase sauti ya mahali penyewe: feni, mawimbi ya ufukweni, bodaboda inayopita mbali. Bodaboda inayopunguza mwendo karibu na mlango wa mtu anayetafutwa inatosha kutisha, ikiwa mtazamaji anajua kwamba anatafutwa.

Ukimaliza, waoneshe watu ambao hawajausoma mswada na uwaulize kila mhusika alikuwa akitaka nini. Wakishindwa kujibu, usikimbilie kuongeza mazungumzo katika sini waliyokwama. Rudi nyuma katika sini zilizotangulia, kwa kuwa mara nyingi kinachokosekana ni shoti moja, yaani picha moja ya kamera, ya kumjulisha mtazamaji jambo mapema, na shoti hiyo huweza kurekodiwa asubuhi moja bila kuwaita waigizaji wote.