Maswali ya Wasomaji: Walatino wa Marekani, Uhandisi, na Sisi wa Kusini

SWALI

Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa Kidato cha Tano na cha Sita hapa Newala. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa uhandisi, amenisimulia kuwa vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikijitahidi kuongeza wanafunzi na wahadhiri Wahispania katika fani hiyo. Wahispania wana shida gani hadi wasaidiwe? Na je, msaada huo si kuwashushia alama, tukaishia kujengewa madaraja ya kuanguka? Nauliza kwa sababu darasa langu la PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, lina wanafunzi 14, wasichana wakiwa wawili, na mita ya volti iliyo nzima ni moja, ambayo siku ya maabara huzungushwa kwa zamu kama kata ya maji. Mkoa wetu unatoa gesi, lakini nikiwahesabu wahandisi waliotoka huku kwetu, vidole vya mkono mmoja vinabaki.

Mwalimu, Newala

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na jina, maana ndilo lililotupotosha. Wanaozungumziwa si Wahispania wa Madrid. Ni Wamarekani ambao wao wenyewe, au wazazi na mababu zao, asili yao ni Meksiko, kisiwa cha Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na kwingine kunakozungumzwa Kispania. Wengi wao wamezaliwa humo humo Marekani, na wapo ambao koo zao zilikuwa Texas na California tangu ardhi hiyo ilipokuwa ya Meksiko, kabla ya vita iliyomalizika mwaka 1848. Mimi nitawaita Walatino. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu milioni 62.1, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa nchi ile. Lakini ukiingia katika madarasa ya uhandisi sehemu yao hupungua, ukipanda hadi shahada ya uzamivu, yaani PhD, hupungua tena, na ukifika kwenye milango ya ofisi za wahadhiri utakuta ni wachache mno ukilinganisha na wingi wao. Ni kama mnazi uliochongwa vidato, ambao katika kila kidato kuna wanaoteleza.

Hofu yako ya madaraja naielewa, kwani nimeyajenga kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu vyuo vya Marekani viliruhusiwa kuitazama asili ya mwombaji kama kigezo kimojawapo kati ya vingi, mpaka Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokataza. Hata hivyo, kazi iliyozaa matunda ilifanyika zaidi kwingine, na mfano wa kwanza ni wa mwalimu mwenzako.

Jaime Escalante alizaliwa La Paz, Bolivia, akahamia Marekani, na miaka ya 1970 akaanza kufundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles, ambako karibu wanafunzi wote walikuwa Walatino wa familia za kipato cha chini. Aliwafundisha kalkulasi ya kiwango cha chuo kikuu, yaani hisabati ya kukokotoa jinsi vitu vinavyobadilika, somo ambalo wengi hawakudhani lingewezekana mahali pale. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa kitaifa na wote wakafaulu. Wasahihishaji wakaingiwa na shaka, na wanafunzi 14 wakatakiwa kuurudia. 12 walikubali, wakaketi upya chini ya uangalizi mkali, wakafaulu tena wote. Angalia, Mwalimu, kwamba mtihani haukulegezwa hata kidogo. Kilichobadilika ni maandalizi ya miaka iliyotangulia mtihani, ikiwa ni pamoja na vipindi vya ziada vya kabla na baada ya masomo.

Kidato cha pili cha mnazi wetu ni mwaka wa kwanza chuoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoteleza mimi. Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alichunguza, miaka ya 1970, kwa nini wanafunzi wengi Weusi waliokuja na alama nzuri walikuwa wakifeli kalkulasi, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Kundi la kwanza walisoma kwa bidii, ila kila mtu peke yake chumbani kwake. Kundi la pili walikaa pamoja jioni, wakakaguana kazi, wakabishana juu ya majibu. Treisman hakuanzisha masomo ya kuwasaidia "walio dhaifu". Aliandaa vikao vya kukokotoa maswali magumu kuliko yale ya darasani, kwa vikundi, na matokeo yakabadilika. Baadaye mtindo huo ulifika katika vyuo vingine na kuwafaa Walatino pia.

Mimi sikuwa na Treisman. Nilitoka Mikindani nikiwa na alama nzuri, nikafika chuoni nikijifungia chumbani na daftari, na katika muhula mzima sikuwahi kuvuka mlango wa ofisi ya mhadhiri yeyote, nikiamini kwamba kumfuata mkubwa ofisini kumuuliza jambo alilokwisha kulieleza ni utovu wa adabu. Nilifeli Hisabati. Nilipokuwa nikijiandaa kurudia mtihani ndipo nilipogundua kuwa wenzangu waliotoka shule zenye majina makubwa walikuwa wakienda ofisini humo kila wiki, na mhadhiri akiwafurahia. Hakuna aliyekuwa amenificha jambo hilo. Hakuna tu aliyekuwa na sababu ya kuniambia.

Sasa tazama kinachotokea chuo kizima kinapoamua kuwa kazi hiyo ni yake. Mji wa El Paso, Texas, umetenganishwa na mji wa Ciudad Juárez wa Meksiko kwa mto, na watu wa ng'ambo zote mbili ni ndugu, kama jamaa zetu wa pande mbili za Ruvuma. Chuo kikuu cha hapo kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, na leo zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wake ni Walatino. Diana Natalicio alikiongoza kuanzia mwaka 1988 hadi 2019, akishikilia kwamba wanafunzi wa chuo wafanane na watu wa eneo linalokizunguka, na kwamba kupokea wengi hakuzuii kufanya utafiti wa hali ya juu. Kabla hajaondoka, chuo hicho kilikuwa kimeingizwa katika daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti nchini humo. Nasema wazi kwamba huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa haukusubiri vijana wa mpakani wahamie mbali ndipo wawe wahandisi.

Kuhusu wahadhiri, habari si nzuri sana. Mhadhiri haajiriwi kutoka barabarani: baada ya shahada ya kwanza anahitaji miaka mitano au zaidi ya uzamivu, akiishi kwa posho, wakati kampuni ziko tayari kumlipa mshahara kamili kesho yake. Kijana ambaye ndiye wa kwanza kusoma katika ukoo wao, na ambaye mama yake anasubiri paa, atachagua nini? Ndiyo maana vyuo vilivyosonga mbele huwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza maabara mapema na kuwalipa kwa kazi ya utafiti, ili wauonje na wasilazimike kwenda kutafuta vibarua kwingine. Na hao wahadhiri wachache waliopo huelemewa, kwa sababu kila kamati inawataka na kila mwanafunzi mpweke hubisha hodi kwao.

Nikirudi Newala, usiombe alama za chini kwa ajili ya watoto wako. Omba mita za volti, na omba kwa kelele, halmashauri na hata kwa wawekezaji wa gesi. Vikao vya maswali magumu vya jioni havihitaji kibali cha mtu, na yule kijana wako wa mwaka wa pili anaweza kuviongoza akija likizo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuendesha programu ya maandalizi kwa wasichana waliotaka kuingia uhandisi, kwa hiyo wazo hili si geni nchini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mtoto aliyezaliwa mkoani Mtwara mwaka ule angeweza leo kuwa profesa wa uhandisi wa gesi, na kuwa na wanafunzi aliowafikisha uzamivu.

SWALI

Binti yangu amechaguliwa kusoma uhandisi wa umeme. Shangazi zake wanasema atakuwa peke yake kati ya wanaume, heri abadilishe asome ualimu. Umesema habari za Walatino. Wana wanawake waliofika mbali?

Mzazi, Kilwa Masoko

JIBU

Wapo. Ellen Ochoa, ambaye wazee wa baba yake walitoka Meksiko, alisoma fizikia kisha uhandisi wa umeme, fani ile ile ya binti yako, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1985. Mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza wa Kilatino kwenda anga za juu, na kuanzia 2013 hadi 2018 aliongoza kituo cha Johnson cha Houston, kinachofundisha wanaanga. Kwa upande wa wanaume, José Hernández alikulia mashambani akivuna mazao pamoja na wazazi wake, kama watoto wetu msimu wa korosho. Naye alisomea uhandisi wa umeme, maombi yake ya kuwa mwanaanga yakakataliwa mara 11, na mwaka 2009 akaruka.

Upweke anaousema shangazi upo, na una dawa. Mwaka 1974 wahandisi Walatino walioajiriwa na jiji la Los Angeles waliunda chama chao, ili vijana wapate wa kuwatazama na wa kuwauliza. Leo kina matawi ya wanafunzi vyuoni kote Marekani. Sisi wa Lindi na Mtwara hatuna chama cha namna hiyo, lakini ninamfahamu mhandisi wa umeme, mama wa Nachingwea, ambaye amekubali kupokea simu za mabinti wa mwaka wa kwanza. Nitumie jina la kozi na tarehe ya kuripoti kupitia dawati la gazeti hili, na mwambie binti aje na maswali, hata yale anayoyaona ya kijinga.