Wapendwa walinibeba, sasa mume wangu anasema nimefungiwa

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, Mlutheri, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wawili. Miaka miwili iliyopita nilifiwa na mama nikaingia kikundi cha maombi cha watu 11. Wapendwa hawa walinipikia, walinifulia, walilala kwangu mpaka nikaweza kusimama. Tunakutana Jumanne, Alhamisi, mkesha wa Ijumaa na Jumamosi mchana, na kila wiki tunatuma elfu tano kwenye simu ya kiongozi. Siku hizi kiongozi anatufundisha tusichangamane na watu wa mataifa, yaani wasio wa imani yetu. Nimejitoa kwenye kikoba cha mtaani, na jirani yangu Mwislamu alipofiwa na mwanawe sikwenda msibani. Mwezi uliopita niliungama kikundini ugomvi wangu na mume wangu. Kesho yake kiongozi akampigia simu kumwonya. Mume wangu amekasirika, anasema nimefungiwa. Je, ni kosa kukaa na watu wa imani yangu? – Mama wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa hayo yaliyoingia nyumbani.

Si kosa. Kukaa na watu wanaoamini kama wewe kunakupa nguvu, na waliokufulia nguo ukiwa hujiwezi si watu wa kutupwa kwa sababu mumeo amekasirika. Lakini kutokwenda msibani kwa jirani lilikuwa kosa, na simu aliyopigiwa mumeo ilikuwa kosa kubwa zaidi, ingawa hilo la pili si lako. Sikushauri utoke kikundini leo. Nakushauri ukifungulie mlango, na uangalie ni nani atakayekimbilia kuufunga.

Hili jambo si geni huku kwetu. Uamsho wa Kikristo uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Bukoba, ulisimama juu ya vikundi vidogo kama chako: watu wanasoma Neno, wanaungama, wanaimba wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, wanarudi makwao. Kilichowasaidia sana ni kwamba wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao. Jumapili walikaa benchi moja na watu waliowaona ni wakorofi. Tena kikundi hakikuwa cha mtu mmoja. Kiliongozwa na ndugu kadhaa, na kila mmoja aliweza kukosolewa na wenzake. Hata hivyo kujitenga kuliwanyemelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Uganda, kundi moja lilitoka ndani ya Uamsho likaongeza masharti juu ya masharti, mojawapo kukataa mikopo, na wenzao wa jana wakaonekana wamelala kiroho. Walianza kwa kutaka utakatifu, wakaishia kuhesabiana makosa.

Kuhusu watu wa mataifa, kiongozi wako asome 1 Wakorintho 5 mpaka mwisho. Paulo anasema wazi kwamba hakuwakataza kuchangamana na wazinzi wa dunia hii, kwa maana ingewalazimu watoke duniani. Ukali wake ulikuwa kwa mtu aitwaye ndugu huku akiendelea na uovu. Sura ya 10 ya barua hiyohiyo inamruhusu mwamini kula kwa asiyeamini akialikwa. Na Yesu, katika Yohana 17, hakuomba wanafunzi wake watolewe ulimwenguni, aliomba walindwe na yule mwovu. Kukaa mkekani na mama aliyezika mtoto hakukufungi nira na mtu yeyote.

Basi nenda kwa jirani, hata kama siku zimepita. Nenda peke yako, saa kumi na nusu jioni hivi, swala ya alasiri ikiwa imekwisha. Jifunge kanga, jitande nyingine, chukua kilo mbili za sukari au unga, na rambirambi kadiri ya uwezo wako. Usianze na maelezo ya kikundi. Sema: "Nilisikia msiba, sikuja. Nimekukosea, naomba unisamehe." Kisha kaa. Usimhubirie, usiombe kwa sauti kama hajakuomba, usimwambie kwa nini Mungu ameruhusu. Akiamua kukusimulia mtoto alivyougua, sikiliza mpaka amalize. Ukiona vyombo vya wageni vimejaa beseni, vioshe. Anaweza kukupokea kwa ubaridi, ana haki hiyo. Rudi tena baada ya wiki.

Kikoba nacho usikiache hivihivi. Vikoba vingi hufunga hesabu mara moja kwa mwaka, wanachama wakagawana, kisha mzunguko mpya unaanza. Muulize katibu unaanza lini. Kama riba ndiyo inayokusumbua dhamiri, weka hisa zako usikope. Huo ni uamuzi wako na mumeo, si wa kikundi.

Sasa kuungama, maana hapa ndipo vikundi vizuri huharibika. Toba ya wazi huwaunganisha watu haraka kuliko kitu kingine chochote, na kwa sababu hiyo humpa kiongozi siri za nyumba kumi bila yeye kutoka jasho. Mpaka wake ni huu: ungama dhambi yako, si ya mtu mwingine, na kwa upana uleule dhambi ilipofika. Uliyomkosea mumeo chumbani, mwombe radhi mumeo chumbani. Kikundini unaweza kusema, "Nilimjibu mume wangu kwa hasira, niombeeni," ukaishia hapo. Sentensi inayoanza na "mume wangu ana tabia ya..." si toba tena, ni mashtaka dhidi ya mtu ambaye hayupo kujitetea. Na mliyosikia kwenye maombi hayatoki bila ruhusa ya aliyeyasema, isipokuwa maisha ya mtu au usalama wa mtoto uko hatarini. Kama kikundi hakina kanuni hiyo, omba iwekwe kabla ya mtu mwingine kuungama chochote.

Piga hesabu ya saa zako pia. Kama Jumanne na Alhamisi ni saa mbilimbili, mkesha ni kuanzia saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri, na Jumamosi ni saa nane hadi kumi na mbili jioni, umetumia saa 15 kwa wiki, ibada ya Jumapili haijaingia. Ukitoa madarasa, madaftari ya kusahihisha na usingizi, mumeo na watoto wanapata masalia. Hapo mumeo ana hoja. Baki na siku moja ya katikati ya wiki, na mkesha mmoja kwa mwezi mliokubaliana nyumbani. 1 Wakorintho 7:5 inataka wanandoa wapatane kwanza, hata kama jambo lenyewe ni maombi.

Siku moja uliyoiokoa, ipeleke kwenye jumuiya ya mtaa ya kanisa lako. Huko huchagui wa kukaa naye. Utamkuta bibi anayeongea sana, kijana aliyekuja kwa kulazimishwa na mama yake, mzee mnayepishana naye juu ya kila kitu. Unawahitaji. Watu 11 wanaokubaliana kila jambo hawatakuonyesha kosa ambalo wote mnalo.

Za fedha nitasema kwa ufupi: watu 11 kwa elfu tano ni 55,000 kwa wiki, zaidi ya laki mbili kwa mwezi, kwenye simu ya mtu mmoja. Ziwepo namba za watu wawili, daftari, na mahesabu yasomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mtu mwaminifu hufurahi kupewa daftari, maana linamlinda.

Ukishakuwa tayari, zungumza na kiongozi. Usifanye hivyo katikati ya kikundi wala kwa WhatsApp. Baada ya maombi ya Jumanne mwombe mkae, ukiwa na mama mmoja wa kikundi unayemwamini. Mwambie: "Mtumishi, ulipompigia mume wangu uliniumiza, na nyumba imetikisika. Naomba umwombe radhi. Mimi nitakuwa nakuja siku moja kwa wiki, na misiba ya jirani zangu nitakwenda." Kisha nyamaza umpe nafasi. Akisema amekosea, akampigia mumeo, una kikundi cha kukaa nacho miaka mingi. Akisema kuhoji ni roho ya uasi, au Alhamisi akafundisha juu ya Kora na Dathani, wale waliomwasi Musa, huku wote wakijua anayesemwa ni wewe, umepata jibu. Ondoka kwa amani, bila kuwasema. Waliokupikia, watembelee mmoja mmoja majumbani kwao. Walikuwa rafiki zako, si mali ya kiongozi.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mazungumzo. Mtu akiambiwa aache dawa za presha, kisukari, TB au ARV, au watoto watolewe shule, toka siku hiyohiyo na uwaambie ndugu na serikali ya mtaa. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, waumini walikuwa wameacha shule na hospitali kabla hawajaacha chakula. Kikundi chako hakipo huko, nami sikufananishi nao. Nakutajia ili uujue mstari ulipo.

Kwa mumeo anza leo, kabla ya jirani na kabla ya kiongozi. Mwombe radhi kwa kupeleka ugomvi wenu nje, umwonyeshe ratiba mpya, umuulize mkesha wa mwezi huu uwe Ijumaa ipi. Na mchungaji wa usharika wenu ajue kwamba kikundi hiki kipo, kinakutana kwa nani, na anayekiongoza ni nani. Kama hajui, mwambie wiki hii.