Usiuze Ukili wa Bibi Yako kwa Bei ya Plastiki

Tangu nirudi kwenye maonesho ya Sabasaba mikono mitupu, mikeka yote imekwenda na oda za misala juu yake, simu yangu haitulii. Ujumbe ulionigusa ni wa binti mmoja wa Tanga: "Dada, bibi anasuka, mama anasuka, nami nimejifunza. Nataka iwe biashara. Nianzie wapi?" Ninajua anachotaka, na nyinyi mnaonisoma mnataka hicho hicho: jina lako kwenye kibandiko, na mteja anayekuja bila kubembelezwa.

Kwetu Pemba, upande wa Wete, bibi alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi, barazani, jioni baada ya madrasa. Machipukizi ya mkindu yanakatwa kabla hayajafunguka, yanaanikwa mpaka yawe meupe, ndipo yanachanwa membamba, na huo ndio ukindu. Rangi nyeusi bibi aliitoa kwenye mizizi ya mdaa, na ya njano kwenye manjano ya jikoni. Nyekundu alikubali inunuliwe dukani, tena kwa kunung'unika. Wakati wa kusuka ukindu unatiwa maji kidogo, ukiwa mkavu unakatika. Ukili, yaani ule ukanda mrefu uliosukwa, ukifika pima za kutosha unashonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo jicho la bibi lilipokuwa kali. Nakshi zisipokutana sawasawa, fumua. Nimefumua mimi, jamani!

Ya katikati nayaruka, ni njaa na nauli tu.

Ila hili siliruki. Kuna mwenye duka mmoja mjini aliyekuwa akichukua kazi zangu kwa mali kauli, yaani ananilipa akishauza. Siku moja mteja akanionesha kawa, kile kifuniko cha chakula, nakshi ya bibi yangu ile ile, akanisifia "mafundi wa yule bwana". Alilinunua mara tatu ya bei niliyolipwa. Nilijiona jamvi la wageni. Hadi leo linaniuma, wala sisemi nimesamehe.

Kwa hiyo binti yangu, ushauri wa kwanza ni bei. Mkeka wa plastiki ni rahisi, unapigwa maji na kuanikwa, huwezi kushindana nao, basi usishindane. Hesabu siku zako, hesabu ukindu na rangi, ndipo utaje bei, na ukishaitaja usiishushe. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, watu waliulizia vikapu, na wapo waliosuka mbiombio ili wauze rahisi. Mikono ya vikapu ikang'oka sokoni, viazi chini. Wateja wa hivyo hawarudi. Ndiyo maana nasema: usishushe bei.

La pili, acheni kuona haya. Mabinti wa siku hizi mnaona ukili ni kazi ya vikongwe, kisha mnakwenda kuuza nguo za mtumba ambazo hamkuzishona. Mwenyezi Mungu amekupa mwalimu ndani ya nyumba, halipwi ada, na wewe unamwachia asuke peke yake! Keti naye. Mwulize jina la kila nakshi, uandike, umpige picha mikono inapopinda ukindu kwenye kingo, maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Na oda yoyote, chukua nusu ya bei kabla hujaloweka ukindu. Hata kwa mawifi.