Pesa ya gemu lazima iume: majibu ya maswali yenu kuhusu mbio za magari

Maswali mengi safari hii yanahusu kucheza peke yako, ukianza dereva asiyejulikana hadi ubingwa. Tumechukua matano.

Gran Turismo za zamani zilikuwa na utamu gani? Za sasa zina magari mengi lakini sinogewi. (Arusha)

Utamu wake ulikuwa umaskini. Gran Turismo ya kwanza, gemu ya PlayStation ya 1997, inakukabidhi krediti 10,000, yaani pesa ya ndani ya gemu, basi. Gari jipya la maana hulipati, kwa hiyo unaingia kwenye mitumba na kupiga hesabu: hili lina nguvu lakini linamaliza hela yote, lile ni zembe lakini litabakiza ya ekzosi. Halafu kuna leseni. Kombe kubwa huingii mpaka ufaulu majaribio ya breki na kona, hata uwe na hela kiasi gani.

Gran Turismo 7, ya 2022, bado ina harufu hiyo. Gari la kwanza unachagua kati ya Toyota Aqua, Honda Fit na Mazda Demio, yaleyale yanayoshushwa kila siku bandari za Mombasa na Dar. Ila umaskini nao una kipimo. Machi 2022, wiki chache tu tangu gemu itoke, sasisho lilipunguza zawadi za mbio kadhaa, na huku krediti zinauzwa kwa pesa halisi. Wachezaji waliwaka. Polyphony Digital, watengenezaji wake, waliomba radhi, wakagawa krediti 1,000,000, na Aprili wakapandisha zawadi. Sisi tunapima hivi: ukirudia mbio ileile zaidi ya mara nne kwa ajili ya kifaa kimoja, hicho si mchezo tena, ni kibarua.

Nimefunga turbo kubwa kwenye kigari changu cha GT7, sasa hakikati kona. Nimekosea wapi? (Mombasa)

Umeanzia mwisho. Magari madogo mengi huvuta kwa mbele, yaani tairi zilezile mbili zinasukuma na kukata kona. Ukiziongezea nguvu huku bado ni za daraja la Comfort, yaani za kawaida, ukigusa mafuta katikati ya kona zinasereka na pua inakwenda nje. Anza na tairi za Sports, zenye mshiko zaidi, kisha breki, kisha punguza uzito. Injini iwe ya mwisho.

Vifaa vingi vinapandisha PP, alama za uwezo wa gari, na mbio nyingi zina kikomo chake. Ukizidi, usivue tairi! Nunua kizuia nguvu, kishushe kidogo kidogo hadi uingie kwenye kikomo. Au weka uzito wa ziada: jaribu kilo 20, uusogeze nyuma ili pua ipate wepesi.

Kwenye F1 nashinda kwa sekunde 20, nikipandisha ugumu nakuwa wa mwisho. (Nakuru)

Kipimo chako ni mwenzako wa timu, maana gari lenu ni moja. Ugumu unakwenda 0 hadi 110. Kimbia mbio za kupanga nafasi kwenye viwanja vitatu tofauti: kimoja cha kasi kama Monza, kimoja cha kona nyingi kama Monaco, kimoja cha kati. Mwenzako akikuacha zaidi ya nusu sekunde kwenye vyote, shusha alama 3. Ukimwacha wewe, pandisha 3. Usibadilishe kwa sababu ya kiwanja kimoja, kwa kuwa kila mtu ana kiwanja anachokijua mno.

Angalia na urefu wa mbio. Mizunguko mitano haitoshi kuchosha tairi, kwa hiyo mkakati wote unakufa. Weka asilimia 25 ya mbio halisi angalau: kiwanja cha Spa, chenye mizunguko 44, kinakuwa na 11. Asilimia 50 ndiyo tamu zaidi, kama jioni yako inaruhusu. Timu dhaifu ikipata alama moja baada ya mizunguko 22, utaruka kwenye kiti.

Kuna gemu ya rali yenye Naivasha ndani? (Eldoret)

Ipo WRC 9 ya 2020. Iliiweka Safari Rally ndani mwaka uleule ambao mbio zenyewe zilifutwa kwa sababu ya korona, hivyo wachezaji walitangulia Naivasha kabla ya madereva wa 2021. Kuna wafanyakazi wa timu yako pia: fundi, mtaalamu wa hali ya hewa na wengine. Wanachoka. Ajiri wawili kwa kila nafasi muhimu, la sivyo utajikuta unachagua tairi bila kujua kama mvua inakuja.

Nina Gran Turismo ya PSP kwenye simu. Mbona haina mashindano ya kupanda daraja? (Morogoro)

Haina kweli. Ilitoka 2009 kwa PSP, kifaa cha mkononi cha Sony, ikiwa na magari zaidi ya 800, lakini unapata mbio moja moja na majaribio ya aina mbalimbali tu. Jitungie ligi kwenye daftari: gari moja chini ya nguvu za farasi 150, viwanja vitano, alama 10, 6, 4, 3, 2, 1. Hakuna kununua gari la pili kabla ya ligi kwisha, hata muuzaji akileta unalolitaka. Wauzaji wa humo hubadilika kila baada ya siku chache za ndani ya gemu, na kulikosa gari safari hii kunafanya ulisubiri kwa hamu.