Zambarau, urujuani au damu ya mzee?

SWALI: Nataka kupamba sebule yangu hapa Kisauni kwa rangi ya zambarau, ile nzito inayoelekea weusi. Nilimwambia fundi "zambarau", akanipakia rangi nyepesi kama ya ua, ikabidi ukuta mzima urudiwe. Mbiomba wangu anasema zambarau ni tunda, rangi yenyewe huitwa urujuani. Mwanangu naye anasema ni kizambarau. Nani amesema sawa? Na je, nikienda kununua nguo ya madirishani, niseme "mapazia zambarau" au "mapazia ya zambarau"?

JIBU: Dada yangu, pole kwa huo ukuta. Neno ulilompa fundi lilikuwa sahihi, ila ulimpa nusu yake.

Mbiomba wako amesema kweli kwamba zambarau ni tunda. Lakini rangi zetu nyingi zimezaliwa hivyohivyo. Manjano ni bizari tunayotia mchuzini, kijani imetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi vyenyewe na hubadilika kufuata nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Ndiyo maana husema ukuta mwekundu, kuta nyekundu, zulia jekundu, mito myekundu. Rangi nyingine huwa tunazitaja kwa kuonyesha kitu. Kwa hiyo kumwambia mtu kwamba zambarau si rangi kwa kuwa ni tunda, ni sawa na kumkataza asiseme manjano.

Urujuani nalo ni neno safi. Limetujia kwa Kiarabu, na vitabu vya shule hulitumia kutaja rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, baada ya nili. Sina ugomvi nalo hata kidogo. Ila fikiria: mtu aliyelijua neno hili kwa upinde wa mvua ataona nini ukimtajia? Ataona rangi ya mwanga, nyepesi, na wewe unaikimbia hiyohiyo. Kisha Biblia ya Union Version, iliyotoka ikiwa kamili mwaka 1952, inamtaja Lidia wa Thiatira katika Matendo ya Mitume kuwa muuza rangi ya zambarau. Rangi iliyokuwa na sifa kuu zama hizo ilitoka kwa konokono wa baharini, na pwani ya Tiro, huko Lebanoni, ndiko ilikovuma kwayo; haikuwa na uhusiano wowote na tunda letu. Hata hivyo watafsiri walichagua neno ambalo msomaji angeliona machoni. Mimi naona walichagua vyema.

Sasa tufike pale ulipoumia. Msimu wa zambarau ukifika, ingia Marikiti ununue za shilingi kidogo, uzimwage sahanini. Iliyo mbichi ni ya kijani. Inayoanza kuiva ina wekundu wa waridi. Iliyoiva sawasawa ganda lake huwa jeusi kabisa ukiitazama kwa mbali; ishike, ielekeze penye mwanga, ndipo uzambarau wake ujitokeze. Ila hapo pia hujamaliza. Itafune, uache ule ukakasi utulie, kisha jitazame kiooni: ulimi umekuwa zambarau nyingine, nyepesi, ile ambayo watoto hutoa ndimi kuonyeshana wakitoka shule. Tunda ni moja na neno ni moja. Wewe ulikuwa unaliona ganda, fundi akauona ulimi.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina la rangi, mwambie na kiasi chake. Maneno tunayo tele. Rangi iliyokoza au iliyokolea ni ile iliyoshiba, kama tusemavyo chai imekolea. Rangi iliyopauka imepungua nguvu na kuelekea weupe. Iliyochujuka ni ile iliyotoka kwa kufuliwa au kwa jua, na hilo ni jambo la kuangalia Mombasa, maana dirisha linaloelekea mashariki halina huruma na nguo ya zambarau. Na kwa zambarau hasa, kwa kuwa ni tunda, unaweza kusema "zambarau iliyoiva". Ni maneno mawili tu, na mtu wa Pwani hahitaji kuonyeshwa kikaratasi cha rangi.

Hapa kuna jambo dogo la sarufi, nalo ndilo litakalokuokoa dukani. Linganisha:

"Nataka mapazia ya zambarau iliyopauka."
"Nataka mapazia ya zambarau yaliyopauka."

Katika sentensi ya kwanza, kilichopauka ni zambarau: mapazia ni mapya, rangi yake ndiyo nyepesi. Katika ya pili, yaliyopauka ni mapazia yenyewe, yaani yamekaa juani hadi yakafa rangi. Herufi chache tu zimebadilika, na muuzaji makini wa Biashara Street atakushangaa ukiagiza hayo ya pili. Vivyo hivyo sema "ukuta wa zambarau iliyokoza", si "uliokoza", kwa sababu kinachokoza ni rangi. Ukitaka kuondoa shaka yote, ongeza neno lenyewe: "ukuta wa rangi ya zambarau iliyokoza".

Kuhusu "mapazia zambarau", hapana. Nomino kama hii haining'inii nyuma ya nomino nyingine bila neno la kuziunganisha, kama ya au la. Sema mapazia ya zambarau, zulia la zambarau, mito ya zambarau. Nimesikia pia "mapazia mazambarau", kana kwamba ni mekundu au meupe. Hilo nalo liache, kwa kuwa zambarau haichukui upatanisho. Je, ni lazima "rangi ya" iwepo kila mara? Kwa ukuta si lazima, kwani hakuna atakayedhani umejengwa kwa matunda. Lakini ukisema "bakuli la zambarau juu ya meza", mgeni atanyoosha mkono achukue tunda. Hapo sema "bakuli la rangi ya zambarau".

Mwanao hajakosea. Ki- ya "kizambarau" ni ileile ya kijani na kijivu, na mimi hupenda kuitumia kwa kitu kinachokaribia zambarau bila kufika, kama wingu la magharibi. Kwa sebule yako haitoshi.

Sasa nikuulize mimi. Unasema rangi yako inaelekea weusi, lakini je, ndani yake ina wekundu au ubuluu? Kama ina wekundu, huenda unalolitafuta si zambarau kamwe, bali damu ya mzee, jina ambalo mafundi cherehani na wauza nguo wanalielewa mara moja. Kama ina ubuluu na ungependa ing'ae kidogo, mwambie fundi "rangi ya biringani", na umpelekee biringani lenyewe mkononi. Ukitaka isiyong'aa, ndipo useme zambarau iliyoiva.

Nyumba zetu za kale za mawe zilipakwa chokaa nyeupe ndani, na weupe ule ulisaidia mwanga mdogo wa madirisha kusambaa. Kwa hiyo ningekushauri ukuta mmoja tu uwe wa zambarau iliyoiva, nyingine zibaki nyeupe. Na kabla fundi hajaanza, mwambie: "Nataka zambarau iliyoiva, ya ganda, si ya ulimi. Nipakie kwanza kwenye kibao, niione ikishakauka." Kiweke kibao hicho pale pazia litakapokuwa, ukitazame asubuhi, ukitazame tena baada ya magharibi taa ikiwa imewashwa.